Programu ya Kuhariri Picha Ikigoma Kufunguka, Tazama Inafia Wapi

Saa tano usiku, picha 640 za harusi zikinisubiri, na maharusi nimewaahidi watazipata kesho yake asubuhi. Nikabofya ikoni ya programu ninayohariria. Lile dirisha dogo lenye nembo likatokea katikati ya skrini, vimaandishi vya chini yake vikapita mbio, kisha likatoweka. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna mlio. Nikabofya tena, yakawa yale yale.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wengi: niliiondoa programu nzima, nikaipakua upya, nikaisakinisha. Saa mbili na nusu zikaishia hapo. Nilipoifungua ikafia palepale ilipofia mwanzo. Ndipo nilipoanza kujifunza haya ninayokuandikia, na tangu usiku ule nimeyatumia kwenye kompyuta yangu na za wenzangu ninaofanya nao kazi.

Kuondoa na kusakinisha upya hakukusaidia kwa sababu programu ya namna hii inaishi sehemu mbili. Mwili wake uko kwenye Program Files, au Applications ukiwa na Mac. Lakini mipangilio yako, brashi ulizoongeza, mpangilio wa paneli na kumbukumbu ya kadi ya picha iliyopo (kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora skrini), vyote hivyo viko ndani ya folda yako wewe mtumiaji. Ukiondoa programu, mara nyingi sehemu hii ya pili haiguswi. Unaleta mwili mpya, nao unasoma mipangilio ile ile mibovu. Kwa hiyo kusakinisha upya kunakuja mwisho kabisa, na wakati huo uwe unajua unatafuta nini.

Kabla hujagusa chochote, ifungue programu mara moja zaidi na utazame tu. Inafia wapi? Je, hakitokei kitu kabisa? Dirisha la nembo linatokea halafu linatoweka au linaganda? Au programu inafunguka vizuri, kisha inajifunga ukifungua picha ya kwanza? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na ile isiyotokea kabisa, maana haichukui muda. Mara nyingi programu iko hai kwa siri: uliifunga jana, dirisha likaondoka, lakini yenyewe ikabaki inazunguka nyuma na kuzuia nyingine isianze. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc, itafute kwenye orodha ya Task Manager, uiue. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc. Kama inaonekana imefunguka chini kwenye upau ila huioni, na hivi karibuni ulikuwa umeunganisha skrini ya pili, huenda dirisha lake limefunguka kwenye skrini ambayo haipo tena. Ichague, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale wa kulia au kushoto, mara nyingi itarudi.

Ikileta ujumbe kwamba MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll haipo, tatizo si programu yenyewe. Kinachokosekana ni kifurushi cha Visual C++ Redistributable, mafaili ambayo programu nyingi huyategemea kwa pamoja, nacho kipakue kutoka Microsoft wenyewe. Usiende kwenye tovuti zinazogawa faili moja moja la DLL; nimeshaona kompyuta ikiletewa virusi kwa njia hiyo. Namba 0xc000007b kwa kawaida inakuambia kwamba faili la biti 32 limekutana na programu ya biti 64, au kinyume chake. Na kwa watu wa Mac wenye programu za zamani: tangu toleo la macOS liitwalo Catalina, la mwaka 2019, mfumo haufungui programu za biti 32 kabisa. Hapo hakuna cha kurekebisha, tafuta toleo jipya au programu nyingine.

Kuna kizuizi kimoja ambacho watu hawakishuku. Windows ina ulinzi uitwao Controlled folder access, unaozuia programu isiyotambulika kuandika kwenye Documents na Pictures. Programu ya picha inapoanza hujaribu kuandika huko, inakataliwa, inakata tamaa. Ukiikuta imewashwa, usiuzime ulinzi huo. Iruhusu programu yako moja tu. Angalia pia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao-mama ikifa, tarehe inaweza kurudi nyuma miaka mingi, na programu za kulipia kwa mwezi zinashindwa kuthibitisha leseni kwa sababu vyeti vya usalama vya intaneti vinaonekana si halali. Tarehe ikisahihishwa, programu inafunguka.

Sasa tuje kwenye dirisha la nembo. Wengi wetu wanapotelea hapa, nami ndipo nilipokuwa.

Vile vimaandishi vidogo vinavyopita chini ya nembo ni programu ikitaja kila inachopakia: mipangilio, brashi, programu-jalizi (vijiprogramu vya kuiongezea uwezo), fonti. Ikifa, neno la mwisho lililoonekana ndilo linalokuelekeza kwa mshukiwa. Tabu ni kwamba yanapita haraka mno. Nilichukua simu, nikarekodi video ya skrini huku nikibofya ikoni kwa mkono mwingine, kisha nikaitazama polepole, fremu kwa fremu. Mara tatu nilirudia, na mara zote tatu neno la mwisho lilikuwa moja: fonti. Sikuwahi kufikiria kwamba aina ya herufi inaweza kuangusha programu ya picha.

Nilikuwa na fonti 214 nilizoongeza mwenyewe kwa miaka, nyingi za bure kutoka huku na kule. Kuzijaribu moja moja kungenifikisha alfajiri. Nikazigawa nusu kwa nusu. Niliondoa 107, nikaifungua programu: ikafunguka. Basi mbovu iko kwenye hizo nilizoondoa. Nikarudisha nusu yake, ikagoma. Nikaendelea kugawa: 54, 27, 14, 7, 4, 2, 1. Majaribio manane tu yakanifikisha kwenye faili moja la herufi za mapambo nililolipakua kwa ajili ya kadi ya mwaliko na sikuwahi kulitumia tena. Nikalifuta, nikarudisha zile 213, programu ikafunguka kwa sekunde chache. Kwenye Mac ungeanza na Font Book, ambayo inaweza kukagua fonti na kukuonyesha zenye kasoro. Mtindo huu wa kugawa nusu unafaa pia kwa programu-jalizi na brashi, chochote kilichorundikana na hujui kibovu ni kipi.

Tofautisha kufa na kuchelewa, hata hivyo. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ikifunguliwa mara ya kwanza baada ya kusakinishwa, au baada ya kuongezewa fonti nyingi, inaweza kukaa dakika kadhaa kwenye hatua ya fonti, na dirisha lake lenyewe hukuonya kwamba itachukua muda. Iache imalize. Ukiiua katikati, huenda ikaanza tena mwanzo kila siku. Ukitaka uhakika, ifungue kutoka kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwa amri ya gimp --verbose, itakuandikia kila hatua; na gimp -f inaifungua bila kusoma fonti. Ikifunguka kwa namna hiyo ya pili tu, umempata mshukiwa wako.

Neno la mwisho likiwa programu-jalizi, Photoshop ina njia yake: bofya ikoni, kisha shikilia Shift papo hapo. Itauliza kama iruke programu-jalizi za ziada. Ikifunguka hivyo, toa zile ulizoongeza mwenyewe, uzirudishe kwa kugawa nusu. Ikilalamika kwamba diski ya muda, yaani inakoweka kazi inayoendelea, imejaa, bofya tena ukishikilia Ctrl na Alt, au Command na Option, uichagulie diski nyingine yenye nafasi. Kisha safisha. Kila Photoshop inapokufa ghafla inaweza kuacha mafaili makubwa yanayoanza na jina Photoshop Temp, nayo hula diski kimyakimya.

Neno la mwisho likiwa mipangilio, au kama hujapata neno lolote, basi weka upya mipangilio. Kwa Photoshop shikilia Ctrl, Alt na Shift pamoja mara tu baada ya kubofya, au Command, Option na Shift kwenye Mac, hadi ikuulize kama ufute faili la mipangilio. Vidole viwe tayari juu ya kibodi. Ukichelewa nusu sekunde imepita. Kwa Lightroom Classic ni Alt na Shift, na kwa Mac Option na Shift. GIMP haina mchanganyiko wa vitufe wa namna hiyo: kwenye Windows nenda kwenye %APPDATA%\GIMP, utaona folda yenye namba ya toleo, kama 2.10 au 3.0. Kwenye Linux iko ndani ya .config/GIMP.

Nakusihi hapa: usifute folda hizo, zibadilishe jina. Ongeza tu neno “zamani” mwishoni. Programu haitaiona, itajitengenezea folda mpya safi, na vitu vyako vyote bado unavyo. Mwenzangu mmoja alifuta folda yake ya mipangilio ya Photoshop bila kunakili, akapoteza vitendo (Actions, hatua zinazojirudia zenyewe) alivyokuwa amevirekodi kwa miaka minne, kila hatua ya kusafisha ngozi na kulainisha mwanga. Vilikuwa ndani ya faili moja dogo, Actions Palette.psp. Tangu siku ile huwa nahifadhi vitendo vyangu nje ya programu kama mafaili ya .atn, nawe ukipata nafasi wiki hii, fanya hivyo kabla programu yako haijagoma.

Ugonjwa wa tatu, ile inayofunguka kisha ikajifunga ukigusa picha, mara nyingi ni kadi ya picha au draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Kama Photoshop inakupa sekunde chache kabla ya kufa, usifungue picha. Kimbilia Preferences, kisha Performance, utoe alama kwenye Use Graphics Processor. Kwa darktable, programu nyingine ya bure ya picha, ifungue kwa amri ya darktable --disable-opencl. Ikitulia, umepata jibu, lakini usiishie hapo, maana utafanya kazi polepole bila sababu. Jiulize kama Windows ilijisasisha siku moja au mbili kabla ya tatizo. Ndiyo? Fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kadi yako, ubonyeze Roll Back Driver. Vinginevyo chukua draiva mpya kwa mtengenezaji wa kadi. NVIDIA wana aina ya Studio iliyotengenezwa kwa kazi kama zetu, na wakati wa kusakinisha chagua usakinishaji safi.

Ukitaka ushahidi badala ya kubahatisha, Windows mara nyingi huandika kumbukumbu ya programu inapokufa. Fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, utafute alama nyekundu yenye saa ile ile programu ilipokufa. Ndani yake soma mstari wa Faulting module name. Ukiona nvoglv64.dll, hiyo ni draiva ya NVIDIA, atio6axx.dll ni ya AMD. Jina linaloishia na .8bf ni programu-jalizi ya Photoshop. Ukikuta ntdll.dll, usilishike sana, linatokea kwenye vifo vya kila namna. Kwenye Mac, taarifa hizo ziko kwenye programu ya Console.

Lightroom na darktable zina ugonjwa wao wa ziada: kufuli, faili dogo linalozuia katalogi (orodha ya picha zako na uhariri wake) isifunguliwe mara mbili kwa pamoja. Umeme ukikatika wakati katalogi iko wazi, faili la kufuli linabaki, na ukirudi unaambiwa katalogi inatumiwa na programu nyingine. Hakikisha kwanza haitumiki kweli, kisha futa faili linaloishia na .lrcat.lock peke yake. Jirani yake linaloishia na -wal usiliguse kabisa, maana huenda ndani yake kuna kazi ambayo bado haijaingizwa kwenye katalogi. Kwa darktable ni library.db.lock na data.db.lock, ndani ya .config/darktable.

Yote yakishindikana, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo, uifungue programu ukiwa humo. Ikifunguka, tatizo liko kwenye folda ya akaunti yako ya kwanza, na kusakinisha upya ni kupoteza usiku. Ikigoma na huko, sasa ndipo uiondoe, na ukiulizwa kama ubakize mipangilio, kataa, baada ya kuhakikisha nakala unazo. Washa kompyuta upya, usakinishe, uifungue kabla hujarudisha hata brashi moja.