Ombi la ruzuku la taka za sola: anzia kwenye mizani

Maombi mengi ya ruzuku kwa ajili ya taka za sola hutumia kurasa tatu kueleza ukubwa wa tatizo duniani, kisha yakifika kwenye bajeti yanakisia. Mfadhili analijua tatizo. Anataka kujua ni shilingi ngapi zinatumika kuitoa kilo moja ya taa mbovu kijijini, kuifikisha kiwandani na kuimaliza salama, na nani atalipa ruzuku ikiisha. Shindano la Global LEAP la taka za sola, lililoanza 2019 chini ya shirika la CLASP, ni mfano wa ruzuku za aina hii Afrika kusini mwa Sahara. Milango ya namna hiyo hufunguliwa kwa muda mfupi, kwa hiyo hesabu ziwe tayari kabla tangazo halijatoka.

Chukua taa mbovu 20 za kila modeli unayouza. Zifungue, upime kwa gramu kila kitu peke yake: ganda la plastiki, sakiti, betri, nyaya, paneli. Wakati huohuo andika kilichoiua kila taa. Mara nyingi utakuta waya umekatika pale unapoingia kwenye plagi, swichi imelegea au tundu la chaji limejaa kutu, na betri yenyewe nzima. Taa ya namna hiyo inahitaji fundi na kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo iwekwe kwenye mstari wa ukarabati na isihesabiwe kama taka.

Kisha rudi kwenye daftari la mauzo. Aliyeuza taa 20,000 za gramu 300 na mifumo 4,000 ya nyumbani ya kilo 6 ana tani 30 mikononi mwa wateja. Usiziandike zote. Ondoa paneli, kwa sababu paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi ilhali betri huchoka baada ya michache, na hakuna mteja atakayekupa paneli inayofanya kazi. Kadiria zilizokufa kwa mwaka wa mauzo, halafu kadiria ni wangapi watazileta. Hapo ndipo ahadi nyingi huvunjika: watu hawatupi taa mbovu, huiweka juu ya kabati wakingoja fundi. Ahadi ya tani moja na nusu yenye stakabadhi ina nguvu kuliko ya tani 15 isiyofikiwa.

Sasa omba bei ya maandishi kutoka kwa mrejelezaji (kampuni inayogeuza taka kuwa malighafi) mwenye kibali, kwa kila aina ya malighafi. Betri za risasi, shaba na fremu za alumini atazinunua. Betri za lithiamu za chuma na fosfeti, ambazo ndizo nyingi kwenye bidhaa mpya, hazina kobalti wala nikeli, na mara nyingi atakudai wewe umlipe. Plastiki chafu na paneli zilizopasuka ni hivyohivyo. Bajeti inayodhani kila kilo italeta pesa huanguka hapa. Ruzuku ibebe kile ambacho soko halitaki. Betri za risasi zina wanunuzi tayari, na shida yake ni wale wanaoziyeyusha uani kwa mtu, karibu na watoto.

Malipo kwa wakala anayekukusanyia vifaa yanahitaji uangalifu. Ukimlipa kwa kilo, atafungua vifaa, auze shaba mtaani, akuletee maganda. Lipa kwa kifaa kizima chenye namba ya usajili inayosomeka. Betri ya risasi ipokelewe ikiwa na asidi yake; nyepesi kuliko kawaida ina maana asidi imemwagwa ardhini. Kwa mteja, punguzo la kununua kifaa kipya hufanya kazi vizuri kuliko fedha taslimu, kwani fedha nyingi huvuta hata vifaa vizima na vya wizi. Vifaa vya kulipia kidogokidogo, ambavyo hujifunga malipo yakikosekana, vina kikwazo chake: bila msimbo wa kukifungua, kifaa kilichotengenezwa hakina faida kwa mtu. Pata makubaliano ya maandishi na kampuni yenye mfumo huo kabla ya kuahidi ukarabati.

Usisahau gharama za usalama ghalani. Ncha za kila betri ya lithiamu zifunikwe kwa utepe. Zilizovimba ziwekwe peke yake kwenye pipa la chuma lenye mchanga mkavu, kivulini, mbali na plastiki. Fundi apime volti kabla ya kuchaji: seli ya lithiamu ya chuma na fosfeti ina volti 3.2 kwa kawaida, hujaa kwenye 3.65 na huhesabiwa tupu kwenye 2.5. Iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 isirudishwe kazini hata ikikubali chaji, kwa sababu inaweza kupiga shoti ndani. Mashine ya kupima uwezo iandikwe kwenye bajeti. Bila hiyo neno “betri iliyokarabatiwa” ni kubahatisha.

Vibali vina kalenda yake. Utaanzia kwenye mamlaka ya mazingira, yaani NEMA kwa Kenya na NEMC kwa Tanzania, na gari la kubeba taka lazima liwe na kibali chake. Ukitegemea kusafirisha nje, kumbuka kwamba tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu kusafirisha taka kuvuka mipaka, unadai idhini ya nchi zote husika kwa taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu. Idhini hiyo huchukua miezi. Katika mradi wa miezi 12, malipo ya awamu yoyote yasifungwe kwenye kontena kuondoka bandarini. Yafunge kwenye kilo zilizopimwa na kupangwa ghalani.

Ushahidi ni jedwali moja la kila mwezi: kilo zilizoingia ziwe sawa na jumla ya zilizokarabatiwa, zilizouzwa, zilizoteketezwa na zilizobaki ghalani. Ambatisha tiketi za mizani na vyeti vya mrejelezaji.

Kuhusu nani atalipa baadaye, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya 2022 imemwajibisha mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Kama kilo moja inagharimu shilingi 200, taa ya gramu 300 inahitaji shilingi 60 zilizoongezwa kwenye bei tangu siku ya kuuzwa. Andika kiasi hicho, mwezi kitakapoanza kukatwa, na akaunti kitakakokaa.