Umeambiwa una sukari lakini daktari hana uhakika ni aina gani? Anzia hapa

Hii inatokea sana. Mtu mzima anaenda hosi juu ya kiu na kukojoa usiku kucha, anatobolewa kidole, mashine inasoma 17, anaandikiwa metformini (tembe ya kushusha sukari) na kuambiwa "inakaa ni aina ya pili lakini tutaona vile utaendelea". Hiyo "tutaona" ndio inamnyima mtu usingizi kuliko hata sukari yenyewe. Kama ni wewe, uko Kisumu, Siaya, Kakamega, Nakuru, popote, kuna mengi ya kufanya kabla jibu kamili lipatikane, na mengi hayahitaji pesa nyingi.

Anza na kujua kama ni sukari kweli. Ile mashine ya kidole ya pale kemisti kazi yake ni kukutuma hospitali, basi. Kipimo cha kuaminika ni damu ya mshipa ikapimwe maabara. Ukiwa hujala masaa 8, ikifika 7.0 kwenda juu hiyo ni sukari. Ukipimwa saa yoyote ikiwa 11.1 kwenda juu na una dalili zenyewe (kiu, kukojoa, kukonda) pia ni sukari. Kwa HbA1c, kile kipimo cha damu cha miezi mitatu, ni asilimia 6.5 kwenda juu. Lakini kama huna dalili yoyote kipimo kimoja hakitoshi, omba kirudiwe siku ingine. Na usishtuke ukiona karatasi imeandikwa 200 na ya jirani yako imeandikwa 11, ni vipimo viwili tofauti, hiyo ya mg/dL gawanya kwa 18 utapata ile ya kawaida yetu, mmol/L, ndio namba zote hapa.

Sasa hapa kwa HbA1c nataka tukae kidogo, kwa sababu huku upande wa ziwa inaweza kudanganya. Hiyo kipimo inaangalia sukari imejishika kiasi gani kwa chembe nyekundu za damu kwa muda wa kama miezi mitatu. Chembe zikifa mapema hazipati muda wa kushika sukari, kwa hivyo namba inatoka chini kuliko ukweli. Na nini inaua chembe mapema? Malaria, selimundu (sickle cell), na ukipoteza damu ama ukiongezewa pia hesabu inavurugika. Kukosa madini ya chuma nako kunaweza kuipandisha juu bure. Hata kama wewe si mgonjwa wa selimundu, unabeba tu jeni moja, kuna mashine za maabara zinasoma vibaya. Kwa hivyo ukiwa na HbA1c ya 6 na kitu lakini kidole kinasoma 13 asubuhi baada ya asubuhi, usichague ile inakufurahisha. Mwambie daktari wazi, "Daktari, kwetu kuna selimundu, na mwezi uliopita nilitibiwa malaria, tunaweza kupima kwa njia ingine?" Njia ingine iko, unapimwa ukiwa hujala, alafu wanakupa maji ya glukosi gramu 75 na kukupima tena baada ya masaa mawili.

Mwambie pia dawa zote unameza. Prednisolone na dexamethasone zinapandisha sukari, na watu wengine wanazinunua tu kemisti za pumu ama maumivu ya mgongo bila kujua ni nini wamepewa. Kama uko kwa ARV sema, usione haya, kuna zingine zimehusishwa na sukari kupanda kwa watu wachache, lakini usiache hata siku moja bila kuongea na kliniki yako. Na kama ulipimwa ukiwa umelazwa na nimonia ama malaria kali, rudi upimwe tena ukipona, mwili ukiwa vitani sukari hupanda.

Haya, aina. Insulini ndio inaingiza sukari mwilini itumike; aina ya kwanza mwili umeacha kuitengeneza, ya pili iko lakini haitoshi ama haifanyi kazi vizuri. Watu wengi hapa wanaamini aina ya kwanza ni ya watoto na ya pili ni ya wazee wanene, na mambo haiko hivyo. Kuna watu wazima ambao mwili wao unashambulia kongosho (pale insulini inatengenezwa) polepole, inaitwa LADA, mtu anaenda na tembe miezi ama hata miaka alafu tembe zinashindwa na anahitaji insulini. Za kukufanya ushuku: wewe ni mwembamba na unaendelea kukonda, unameza dawa vizuri na namba haishuki, ama kwa familia kuna ugonjwa wa tezi ya shingo. (Kukonda pia kunaweza kuwa TB, kama una kikohozi omba upimwe makohozi.) Lakini kuwa mwembamba peke yake hakusemi kitu, huku kwetu wembamba wengi wana aina ya pili. Na madaktari wenyewe bado wanasumbuka na hii: utafiti uliotoka 2025 uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta vijana wengi walioandikwa aina ya kwanza hawana zile antibodi zinazotarajiwa, yaani alama kwa damu kwamba mwili unashambulia kongosho. Kwa hivyo daktari akisema hajui, huyo usimkimbie. Mimi ningemwogopa zaidi yule ana uhakika baada ya dakika tano.

Vipimo vya kutofautisha viko, antibodi za GAD, na C-peptide ambayo inaonyesha mwili wako bado unatengeneza insulini kiasi gani. Ni ghali, na mara nyingi sampuli inatumwa Nairobi. Maoni yangu, usiuze mbuzi kwa sababu ya GAD kama bado huna pesa ya stripu, zile za kuweka kwa mashine ya kidole. C-peptide nayo ukiipima wiki ile sukari iko juu sana inaweza kutoka chini kwa sababu kongosho imechoka, uliza daktari kama ni afadhali kungoja. Insulini ndio haingoji majibu. Ukiambiwa uanze sindano, anza, wengine huitumia muda tu hadi sukari itulie na wanarudi kwa tembe, hayo maneno ya ati sindano ni kaburi ni ya mtaani. Chupa ambayo hujafungua ikae friji, isigande. Kama huna friji, chungu cha udongo ndani ya kingine na mchanga uloweshwe maji katikati, joto la Kisumu unalijua.

Wakati unangoja, nunua daftari. Pima asubuhi kabla ya kula, siku ingine masaa mawili baada ya chakula, andika na kile ulikula. Stripu zikiwa chache badilisha saa, usipime saa moja kila siku. Ndio utaona mwenyewe kwamba omena na osuga (managu) haina shida, na kwamba ugali wa wimbi bado ni ugali, ukila mlima sukari inapanda tu. Miezi miwili ya namba hizo inamsaidia daktari sana kuona vile sukari yako inaenda.

Ikishuka chini ya 4, unatetemeka, jasho, akili inapotea, weka vijiko vidogo vinne vya sukari kwa maji ama kunywa nusu chupa ya soda, ngoja dakika 15, pima tena. Glibenclamide (tembe ingine ya sukari) na insulini zinaweza kufanya hivyo ukiruka chakula, kwa hivyo kabla ya maombi ya kufunga ongea na daktari.

Upande wa pili ni ule wa kuenda hospitali usiku huo huo: kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa nguvu, usingizi usioeleweka, mdomo kunuka kama matunda. Usikubali kuambiwa ni malaria ama vidonda vya tumbo kabla hujapimwa sukari na ketoni (asidi inayojaa mwili ukikosa insulini) kwa mkojo. Pale Russia (hospitali ya Jaramogi, Kisumu), Kakamega, Nakuru Level 5 ama Moi Eldoret wanashughulikia. Watu wa nyumbani wajue hizi dalili, wewe wakati huo hutaweza kujieleza.

Na mama mkwe ataleta mlonge. Usigombane. "Asante mama, nimeshukuru, lakini za daktari siachi," na ukienda kliniki useme umepewa nini. Wale wa stejini wanauza chupa ya kumaliza sukari, hao pita tu.

Kabla ya kliniki ijayo hakikisha SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, iko sawa. Kama wanataka uje hujala, na unatumia insulini ama glibenclamide, uliza mapema kama ya asubuhi uisukume hadi ule, alafu beba viazi vitamu na yai kwa mfuko, kwa sababu foleni ya sukari inaweza kukufikisha saa saba.