Kugeuza nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe kuwa fleti: anza na maji

Wengi wakishapata nyumba ya ghorofa tatu katika mitaa ya Shangani au Malindi, Mji Mkongwe, hukimbilia kuchora vyumba. Ni kosa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vyote hivyo adui yao ni maji. Chora kwanza maji yatapita wapi.

Vibali navyo visingoje. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na michoro yako lazima ipite Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nyumba nyingi ni za wakfu au za serikali, kwa hiyo hakikisha anayekupa mkataba ana haki ya kuruhusu mabadiliko.

Ukaguzi uanzie kwenye bati na mifereji, kisha fuata kila doa la unyevu hadi chini. Boriti huoza nchani, pale inapoingia ukutani, huku katikati ikionekana nzima kabisa. Ichome kwa bisibisi mahali hapo. Ikizama bila nguvu, boriti imekwisha. Penye ufa, bandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, andika tarehe, na subiri masika yapite. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea.

Kabla ya kugusa boriti yoyote, simamisha mirunda kuanzia ghorofa ya chini, kila mmoja wima juu ya mwenzake, kisha badilisha boriti moja moja. Tusilichukulie jambo hili kirahisi: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu walikufa.

Kwa sababu ya urefu wa boriti, vyumba vingi havizidi upana wa mita 3 hivi. Usivunje ukuta wa kati ili upate sebule pana, maana huo ndio unaobeba boriti za pande zote mbili. Fleti moja kwa kila ghorofa, ngazi ikiwa ya wote, inatosha. Mabafu na majiko yapangwe mstari mmoja, juu na chini, kwenye ukuta wa ua wa ndani, na bomba la maji machafu lipite nje ya ukuta ili likivuja lionekane siku hiyo hiyo. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji: liweke chini uani, usilipandishe juu ya dari ya boriti.

Sasa saruji, ambayo imeharibu nyumba nyingi kwa nia njema. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma, na plasta inabanduka pamoja na jiwe. Tumia chokaa: sehemu 1 kwa 3 za mchanga usio na chumvi. Chokaa mbichi, yaani iliyochomwa lakini haijatiwa maji, hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya chokaa, kwani huchemka na kuruka machoni. Vaa miwani na glavu. Chokaa hiyo iache shimoni chini ya maji kabla ya kuichanganya na mchanga, miezi 3 ikiwezekana. Lowanisha ukuta, piga tabaka za milimita 10 hivi, kisha zifunike kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima. Ikikauka haraka juani, hupasuka na kugeuka unga. Juu yake paka chokaa tena. Rangi ya mafuta hufunga ukuta kama saruji.

Sakafu ya bafu iinamie tundu la maji sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na tabaka la kuzuia maji lipande ukutani sentimita 20. Kabla ya kubandika vigae, ziba tundu, jaza maji ya sentimita 3, acha saa 24, kisha nenda ghorofa ya chini na tochi ukaangalie boriti. Ukiona hata doa moja, fumua tabaka hilo lipigwe upya.