Jinsi ya kuichunguza lugha ya kati ya mwanafunzi wa Kiingereza chuoni

Mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa akiandika "My father he works at the port", hajabahatisha. Kiswahili hudai kiambishi cha nafsi kwenye kitenzi: baba yangu *a*nafanya kazi bandarini. Ile "a-" akaitafutia pa kukaa, akaipa "he". Mfumo kama huu, usio Kiswahili wala Kiingereza kamili lakini wenye kanuni zake, mwanaisimu Larry Selinker aliupa jina "interlanguage" mwaka 1972. Sisi tuuite lugha ya kati, na tuuchunguze kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Chukua sampuli mbili. Kwanza maandishi: dakika 30 darasani, maneno kama 250, simu zimezimwa, mada ya jambo lililokwishapita (asubuhi ya msongamano kwenye feri ya Likoni inatosha) ili wakati uliopita usikwepeke. Kisha mrekodi akisimulia jambo lilelile kwa dakika 3 bila karatasi. Insha ya nyumbani haifai. Simu huisahihisha, ukaishia kuchunguza programu badala ya mtu.

Mrudishie karatasi ikiwa haina alama yoyote, aisome. Kosa atakalolirekebisha mwenyewe ni kuteleza tu, liache. Asiloliona ndilo lenye kanuni nyuma yake. Mwanaisimu Pit Corder aliitenganisha mitelezo na makosa hivi mwaka 1967, na anayeipuuza tofauti hii humzoeza mwanafunzi anachokijua tayari.

Yaliyobaki yatafutie chanzo. "He" na "she" huchanganywa, hasa katika mazungumzo, kwa kuwa kwetu wote ni "yeye". "I heard a bad smell" imetoka kwenye kusikia harufu. Ukimuuliza "Haven't you eaten?" akajibu "Yes, I haven't", ni "ndiyo, sijala" hiyo. Lakini tafadhali, usikibebeshe Kiswahili kila kosa. "Teached" husemwa hata na watoto wa Uingereza wanapojifunza lugha ya mama zao: ni kanuni ya Kiingereza iliyovushwa mpaka.

Hesabu na alipopatia. "-ed" ikihitajika mara 20 naye akaiweka mara 14, andika 14/20, maana "makosa 6" peke yake hayaelezi kitu. Tazama pia asichoandika. Anayeogopa "whose" na "which" huandika sentensi fupi fupi, karatasi ikatoka safi, kumbe ameikimbia sarufi.

Shughulikia kosa moja au mawili kwa wakati mmoja. Kwa "he" ya ziada, mpe sentensi 10 za Kiswahili na tafsiri zake kando, apige mstari chini ya kila "a-" aone kwamba nomino ikishatajwa, Kiingereza hakiirudii. Kosa likitoweka kwenye maandishi na kurudi akisema haraka, huenda limeganda, na zoezi la kalamu peke yake halitaling'oa. Ajirekodi, asikilize, ahesabu kila "he" isiyotakiwa, kisha asimulie upya papo hapo. Baada ya wiki 6 chukua sampuli nyingine kwa masharti yaleyale.