Namna ya kuoanisha mkabala wa kujifunza na aina ya mtihani

Mhadhiri anayeanza muhula Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huulizwa mapema kama mtihani utakuwa wa kuchagua majibu au wa insha. Asilipuuze swali hilo, kwani anayeliuliza anapanga jinsi atakavyosoma. Mwaka 1976, Ference Marton na Roger Säljö wa Göteborg, Uswidi, walionyesha kuwa katika kusoma matini ileile wapo wanaotafuta maana, yaani mkabala wa kina, na wapo wanaoshika maneno ili wayarudishe yalivyo, yaani mkabala wa juujuu. Baadaye Noel Entwistle na Hilary Tait waliona kuwa kila kundi hupendelea upimaji unaoulinda mkabala wake.

Ili kulipima jambo hili darasani kwako, tumia hojaji fupi ya John Biggs na wenzake ya mwaka 2001, yenye sentensi 20, kumi kwa kila mkabala, zinazojibiwa kwa alama 1 hadi 5. Itafsiri kwa Kiswahili, maana asiyeelewa Kiingereza cha hojaji ataonekana msomaji wa juujuu bila kosa lake. Kisha ongeza swali lako: "Kama alama zote za kozi zingetokana na aina moja tu ya upimaji, ungechagua ipi, na kwa nini?" Sehemu ya "kwa nini" ndiyo yenye uhondo. Atakayeandika "kuchagua majibu, kwa sababu madesa yanatosha" (madesa ni nukuu wanazopeana wanafunzi ili wazikariri) amekueleza mengi kuliko alama zake za hojaji. Badala ya majina, kila mmoja ajichagulie namba ya siri, na kazi hii ifanyike kabla ya jaribio la kwanza, hasira za matokeo zisije zikaingia katika majibu.

Ukishapata majibu, usikimbilie kuwapa wanachokipenda, kwa kuwa mapendeleo hayo yamelelewa na miaka mingi ya mitihani ya kukariri. Wala usidhani insha pekee ndiyo hupima uelewa: "Taja sababu tatu za mafuriko" ni kukariri hata ikijibiwa kwa kurasa nne, ilhali "Kwa nini mvua ileile huleta mafuriko katika bonde la Jangwani, Dar es Salaam, na isiyalete Mlimani?" humlazimu mtu kufikiri, hata akipewa majibu manne achague moja, mradi yasiwe yamenakiliwa kutoka kwenye madesa. Badili maswali namna hiyo katika majaribio ya katikati ya muhula, kisha wiki ya mwisho rudia hojaji ileile na ulinganishe namba kwa namba.