Jinsi ya kulinganisha bei za bando la anlimitedi ukiwa Marekani, usiishie kusoma bango

Kwa mlioko Marekani, hasa mliotua juzijuzi na bado mnatumia laini ya mwenyeji, hili swali haliishi: kampuni gani ni chipu? Na kila mara mtu anatajiwa majina kumi bila hesabu hata moja. Leo tupige hesabu.

Anza na simu yako kabla hujaenda dukani. Ingia setingi uone unakula GB ngapi kwa mwezi nje ya wifi. Android nyingi zinakugawia kwa mwezi zenyewe, ila iPhone ile hesabu haijifuti, inajumlisha tangu siku ulipoifuta mara ya mwisho, kwa hiyo ukikuta GB 400 usishtuke, ifute tarehe moja usubiri mwezi uishe. Mtu mwenye wifi nyumbani na kazini anaweza kukuta hafiki hata GB 10, sasa huyo anlimitedi ya nini jamani, achukue bando dogo aokoe hela. Kama unaendesha Uber au lori, au wifi ya nyumbani huna kabisa, hapo sawa tuendelee.

Bando la bila kikomo hawakukatii, ila spidi wanaweza kuipunguza. AT&T walishtakiwa na FTC, tume ya biashara ya serikali kuu, mwaka 2014 kwa sababu wateja wa anlimitedi walikuwa wanabanwa spidi, wengine baada ya GB 2 tu, na mwaka 2019 wakakubali kutoa dola milioni 60 kumaliza kesi. Siku hizi wanakuandikia, ila kwa maandishi ya chini kabisa ambayo hakuna anayesoma, na huko ndo kwenye mambo yenyewe. Tafuta GB za kasi kamili, yaani ukishazimaliza unasukumwa nyuma ya foleni mnara ukiwa na watu wengi. Bando za bei ya chini mara nyingi hazina hata hiyo GB moja, uko nyuma ya foleni tangu siku ya kwanza, na kama mnaishi mji mdogo hutagundua, ila nenda uwanjani au katikati ya jiji jioni uone. Halafu angalia video, nyingi za chini zinakubania kwenye 480p, yaani picha isiyo kali sana, kwa kioo cha simu inatosha kabisa na mimi sioni sababu ya kulipia zaidi, labda uwe unarusha kwenye TV.

Hotspoti ndo mtego mkubwa. Watu wananunua anlimitedi wakidhani wataunganisha laptop na TV waachane na wifi ya nyumba, kumbe hotspoti ina kikomo chake peke yake, ikiisha AT&T kwa mfano wanakushusha mpaka kbps 128. Piga hesabu, hiyo kwa saa nzima haifiki hata MB 60, wakati Netflix ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa. Kwa hiyo bando mbili za bei moja, moja ina hotspoti ya maana na nyingine haina, si bei moja hizo.

Sasa hela. Bei ya bango karibu kila mara imeshatoa punguzo la kukubali wakate wenyewe kila mwezi, dola 5 hadi 10 kwa laini, na kampuni kubwa wanataka akaunti ya benki au kadi ya debiti, ukiweka kadi ya mkopo punguzo linapungua au halipo. Juu yake kuna kodi za jimbo na ada ndogondogo (Illinois wanajulikana kwa kukamua kodi za simu, Idaho wana nafuu), na ada ya kuwasha laini, hapo weka kama dola 35. Chukua ya mwezi pamoja na kodi, zidisha mara 12, ongeza ada ya kuwasha, ugawe tena kwa 12. Mfano wa kubuni: bango 65, kodi 8, inakuwa 73, kwa mwaka 876, na 35 ya kuwasha 911, yaani karibu 76 kwa mwezi. Ukikataa wakate benki ongeza 10.

Weka hiyo pembeni ya kampuni ndogo zinazotumia minara hiyohiyo. Visible ni ya Verizon, Cricket ni ya AT&T, Metro na Mint ni za T-Mobile. Visible bando lao la chini limekaa muda mrefu kwenye dola 25 na kodi ikiwa ndani, mwaka mzima 300. Mint wamezoea kutangaza 30 kwa mwezi ila ni ukilipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani 360 mara moja na kodi juu, na ofa ya miezi mitatu ya mwanzo ikiisha bei inabadilika, kwa hiyo linganisha na bei utakayolipa ofa ikishaisha. Kwa mtu mmoja sioni kwa nini uende kwa wale wakubwa watatu.

Familia ni hesabu nyingine kwa sababu kwa wakubwa laini ya kwanza ndo ghali, tuseme 65, ila laini nne zikawa 140 jumla, hapo ni 35 kila mtu. Ndo maana watu wanajiunga na binamu na watu wa kanisani. Sawa, ila bili ina jina la mmoja, na jamaa akichukua simu ya mkopo akahamia Texas akapotea, deni ni lako na alama zako za mkopo zinashuka.

Simu ya "bure" nayo iingize kwenye hesabu. Verizon na AT&T wanakurudishia bei yake kidogokidogo kwenye bili kwa miezi 36, simu ya dola 800 ni kama 22 kwa mwezi, ukihama mapema unalipa kilichobaki, na inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wao, na ikiwa hivyo ukienda Dar au Nairobi laini ya kule haishiki.

Ukichoka na matangazo omba lebo ya FCC, tume ya mawasiliano ya serikali kuu, tangu Aprili 2024 kampuni kubwa lazima ziionyeshe pale unaponunua, imechorwa kama ile ya virutubisho kwenye chakula: bei, kama ni ya muda, ada na spidi. Ziweke mbili pembeni kwa pembeni.

Kipato kikiwa kidogo, au uko kwenye Medicaid (bima ya afya ya serikali) au SNAP (msaada wa chakula), uliza Lifeline, punguzo la mpaka dola 9.25 kwa mwezi, moja kwa kaya. Ile ACP, ruzuku ya intaneti ya dola 30 kwa mwezi, iliisha 2024, anayekuambia bado ipo anataka taarifa zako.

Ukiamua kuhama, usifunge laini ya zamani kwanza. Omba namba ya akaunti na PIN ya kuhamisha, wape kampuni mpya, laini ya zamani itajifunga yenyewe namba ikishahama.