SOMO: Kishikwambi cha sensa kiwe maktaba ya darasa, bila bando

Nimelijibu hili inbox mpaka vidole vimechoka. Naliweka hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia linki ya uzi huu.

Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilikuja kugawiwa walimu, na ninavyoona vingi sasa kazi yake ni picha za mahafali. Ukiwa nacho kimoja na memori kadi ya uhakika, Wikipedia ya Kiswahili na majaribio ya fizikia ya PhET (ya kuigiza kwenye skrini) vinaingia darasani hata kama mtandao unakamatwa juu ya mwembe tu.

1. Weka programu ya Kiwix, inayofungua Wikipedia na mengineyo bila intaneti. Ni bure. Ichukue kwenye tovuti yao wenyewe, maana toleo la Play Store linabanwa kusoma mafaili ya kwenye kadi.

2. Pakua mafaili ya ZIM, ndiyo yaliyobeba makala na majaribio ambayo Kiwix inafungua, ukiwa mjini penye Wi-Fi. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote inapita GB 100, achana nayo. Yapo yaliyokatwa kwa somo, kama kemia peke yake.

3. Kadi. Hapa msome taratibu, ndipo wengi tunapoumia. Kadi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata ikiwa tupu. Utafuta picha za harusi ukidhani nafasi imejaa, na bado litakataa. Ifomati kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kwenye kompyuta, na uhamishe vyako kwanza kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu. Kishikwambi kikikuuliza kama kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, KATAA; ukikubali itasomeka kwenye kifaa hicho tu. Halafu kadi feki: kadi ya GB 128 kwa bei ya chipsi mayai imeandikwa namba ya uongo. Itameza mafaili yote bila kulalamika, majina utayaona, ukifungua hakuna kitu. Mimi yangu iliniumbua mbele ya Kidato cha Tatu. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows KABLA hujapanda gari la kurudi.

4. Zima data, washa hotspot, kisha kwenye menyu ya Kiwix chagua kurusha vitabu, yaani yale mafaili ya ZIM. Itatokea anwani; iandike ubaoni yote, pamoja na namba za baada ya nukta mbili. Vifaa vingine vikijiunga na hotspot hiyo vinaifungua kwa kivinjari cha kawaida. Usipozima data, simu za walimu wenzako zitajisasisha kwa bando lako.

5. Swali liwe ubaoni kabla kifaa hakijatoka kwenye begi. Nawapanga wanafunzi sita sita: anayeshika haandiki, anayeandika hashiki, na wanapokezana. Kwenye sakiti za PhET wanabashiri kwanza ni balbu zipi zitang'aa zaidi, zilizofuatana au zilizo sambamba. Wabashiri kwa maandishi, la sivyo wote watadai walijua.

MASWALI

Kapera_wa_Kibondo: Mkuu, hii inatumia bando kiasi gani?

Mwandishi: Rudia kichwa cha habari.

Mdau77: Nirushie kila kitu WhatsApp, sina muda wa kusoma yote.

Mwandishi: Faili la GB kadhaa kwa WhatsApp? Hatua ya 2 ipo palepale.

Mwl_Hesabu: Shule yetu wanafunzi hawaruhusiwi simu. Hili somo ni la shule za kitajiri.

Mwandishi: Wangu pia hawaruhusiwi. Vifaa ninavyotumia ni vya walimu, navikusanya asubuhi, narudisha saa nane. Sijaandika popote kwamba mtoto aje na simu.

Dada_Biolojia: Shikamoo mwalimu. Nimefuata zote, simu zinaunganika kisha baada ya muda zinatoka zenyewe. Nakosea wapi?

Mwandishi: Marahaba dada. Hujakosea. Simu ikijiunga inapima kama kuna intaneti. Ikikosa inaiacha Wi-Fi na kurudi kwenye data yake. Zima data kwenye hizo simu pia, na likitokea onyo kwamba hakuna intaneti, kubali kubaki. Angalia na idadi: hotspot nyingi zinachukua vifaa 8 au 10, wa ziada anagonga mwamba. Una kompyuta za maabara? Zenye Wi-Fi zinaingia vilevile.

Dada_Biolojia: Zipo nne, mbili zinawaka. Asante, najaribu Jumatatu.

Babu_Chaki: Video ya darasa la watu themanini mnasikilizaje? Spika sina.

Mwandishi: Ndoo tupu ya plastiki, simu ndani, mdomo wa ndoo uelekee darasa. Nyuma watasikia kiasi.

Babu_Chaki: Sufuria je?

Dada_Biolojia: Sufuria inakwaruza sauti, nimeshajaribu. Chukua ndoo ya lita 20.